Pikipiki ya shambani ya magurudumu matatu: namna ya kujifunza bila kuvunjika mguu

Ukikabidhiwa pikipiki ya magurudumu matatu kwenye shamba la huku Njoro, Rongai au Mau Narok, kaunti ya Nakuru, mtu wa kwanza atakayekuona ukiizunguka atakwambia kwamba kama boda unaiweza, hii haitakushinda, maana ina magurudumu matatu na haiwezi kuanguka. Anakutakia mema, lakini amekosea. Inaanguka, tena huanguka upande ambao mwendesha boda hakuutazamia, na mazoea ya boda ndiyo yanayomuumiza. Katika kuwafundisha vijana nimeona kwamba asiyewahi kushika usukani wowote huelewa upesi. Mwenye kazi kubwa ni yule aliyekaa juu ya boda ya Boxer kwa miaka, kwa sababu mikono na miguu yake tayari ina majibu ya mashine nyingine.

Ninayoizungumzia hapa ni ile ya shambani: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, matairi manene yenye upepo kidogo sana, kiti kirefu na usukani wa pikipiki. Si tuktuk, wala si ile ya mizigo yenye bodi nyuma.

Jambo moja niliseme mapema. Kama mwenye shamba anakupa nafasi ya kuchagua kati ya hii na ile ya magurudumu manne, chagua ya manne. Honda ilianza kuziuza hizi za matatu mwaka 1970, kisha Yamaha, Kawasaki na Suzuki wakafuata. Huko Marekani zilipoenea sana watu waliumia na kufa, wakiwemo watoto wengi, hata mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali mbele ya mahakama kwamba wataacha kuziuza. Mwaka 2008 sheria ya huko ikapiga marufuku kuingiza na kuuza mpya. Kwa hiyo kama uliyonayo ni ya kampuni hizo za Japani, ina umri wa takriban miaka 40 au zaidi. Ni mashine ngumu isiyokufa, na ndiyo sababu bado utaikuta kwenye ghala la mtu ikiwa na vumbi la miaka. Lakini yataka mtu aliyefundishwa.

Kwa nini haikati kona kama unavyodhani

Chini ya kiti kuna ekseli moja iliyonyooka, na magurudumu yote mawili ya nyuma yamefungwa humo. Nyingi hazina difu. Kwenye tuktuk au gari, difu huliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani wakati wa kukata kona, kwa sababu la nje lina safari ndefu zaidi. Hapa yote mawili huzunguka sawasawa. Ukigeuza usukani huku umekaa wima, magurudumu ya nyuma yanaendelea kusukuma mbele, lile la mbele linateleza juu ya udongo, na mashine inakwenda kulekule ilikokuwa ikielekea: kwenye seng'enge au mtaroni. Mwanafunzi hushtuka, hukaza usukani zaidi na kuongeza mafuta kwa sababu dole gumba limekazana pamoja na vidole vingine. Ajali nyingi za siku ya kwanza huanza hivyo.

Ili ikate kona, gurudumu moja la nyuma lazima likubali kuteleza kidogo. Hilo ni la ndani, na halitateleza mpaka ulipunguzie uzito. Kwa hiyo unakanyaga kwa nguvu kikanyagio (mahali pa kuwekea mguu, si breki) cha upande wa nje wa kona, huku kiwiliwili chako ukikilaza upande wa ndani. Mguu wa nje unabeba uzito wako, mabega na kichwa vinaingia ndani. Mwanzoni utaona mambo hayo mawili yanapingana, lakini kila moja lina kazi yake. Mguu wa nje unaliachilia gurudumu la ndani, na kiwiliwili kinazuia mashine isipinduke kwenda nje.

Maana huko nje ndiko inakopindukia. Boda ikikushinda kwenye kona hulala upande wa ndani, nawe unaifuata. Hii hailali. Ukiingia kona kali kwa kasi, gurudumu la nyuma la ndani hunyanyuka na mashine nzima kupinduka kuelekea nje. Tena magurudumu yake yamekaa kwa umbo la pembetatu, na pembeni mwa gurudumu la mbele hakuna kinachoegemeza. Ukifunga breki katikati ya kona, uzito wote hukimbilia mbele pale pasipo na egemeo, na ndipo hupinduka upesi kuliko wakati mwingine wowote. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka.

Mazoea ya boda unayopaswa kuyaacha

Kubwa kuliko yote ni mguu. Mwendesha boda akiona pikipiki inayumba hushusha mguu chini bila hata kufikiri, na kwenye boda mguu huo humwokoa mara mia. Kwenye hii, ukishusha mguu huku mashine inakwenda, gurudumu la nyuma liko nyuma tu ya kisigino chako. Tairi hukanyaga kisigino, huuvuta mguu chini ya ekseli, na mwili wako unabaki ukienda mbele huku mguu umeshikwa. Kifundo, goti, mfupa wa muundi, vyote viko hatarini, hata kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kanuni ni moja na haina msamaha: miguu inakaa kwenye vikanyagio mpaka mashine isimame kabisa. Ikianza kuyumba, jibu lako ni kuusogeza mwili, na kama inapinduka kweli, achia usukani, ruka mbali nayo, iache iende. Usijaribu kuizuia kwa mguu.

La pili ni mkono wa kulia. Boda huongeza mafuta kwa kuzungusha mpini. Hizi nyingi zina wenzo mdogo unaosukumwa kwa dole gumba. Ukizungusha mpini hakuna kitakachotokea, na ukiukamata usukani kwa hofu, dole gumba huubana wenzo na mashine huruka mbele. Zoea kushika mpini kwa vidole vinne na kuliacha dole gumba likiwa huru, likisukuma pale tu unapotaka.

La tatu ni mkono wa kushoto, na hili limewaangusha wengi. Mashine nyingi za kazi hazina klachi ya mkono. Unakanyaga gia tu, na klachi inajishughulikia yenyewe ndani ya injini. Ule wenzo wa kushoto ambao mkono wako unaujua kama klachi, hapa ni breki ya nyuma, na ndio pia handbreki. Kijana anataka kubadilisha gia, anavuta "klachi", magurudumu ya nyuma yanakwama, na mashine inaserereka ovyo. Zile za mashindano zina klachi ya kawaida, kwa hiyo usikisie. Kabla ya kuwasha, vuta kila wenzo, ufuate waya wake kwa macho uone unakwenda wapi. Mpangilio wa gia nao usidhani ni ule wa Boxer. Muulize aliyeizoea, au ujaribu taratibu injini ikiwa imezimwa.

La nne ni abiria. Kiti ni kirefu ili wewe upate nafasi ya kusogea mbele, nyuma na pembeni. Ukimweka mtu nyuma yako, nafasi hiyo imekwisha, na mashine isiyokata kona bila mwili wako sasa ina mwili wa pili usiojua unachotaka kufanya. Kwenye mwinuko uzito wake unatosha kuipindua nyuma. Usimbebe mkeo, mtoto, wala mzee anayeenda kwenye dipu ya ng'ombe. Ni vigumu kumkatalia mzee anayekusimamisha njiani na fimbo yake mkononi, najua. Mwambie kwa heshima, "Mzee wangu, hii haibebi watu, nitamtuma mwenye boda akufuate," na umtume kweli.

Na watoto wasiiendeshe. Watengenezaji wenyewe waliweka miaka 16 kuwa umri wa chini kwa injini inayozidi sisi (cc) 90, na karibu kila mashine ya kazi inazidi hapo.

Mavazi

Helmeti ya boda inafaa, mradi isiwe imepasuka na mkanda ufungwe chini ya kidevu. Viatu viwe vya ngozi, vya kufunga, vinavyopita kifundo cha mguu. Gambuti ni afadhali kuliko viatu vya wazi, ila hazishiki kifundo, na akala hazifai hata kwa mita kumi. Suruali nzito, mikono mirefu, glavu. Miwani ya kufunika macho usiiache: udongo wetu una majivu ya volkeno ya Menengai na wenzake, na wakati wa kiangazi vumbi lake hupofusha katika sekunde ile ile unayohitaji kuona. Mwenye leso au kitenge, au koti refu la mvua lenye kamba, akumbuke kuna cheni na ekseli inayozunguka karibu na miguu yake.

Ukaguzi kabla ya kuwasha

Anza na matairi, kwa sababu hapa ndipo mafundi wengi wa boda hukosea. Matairi haya hujazwa upepo kidogo mno, kwa aina nyingi kati ya psi 2 na 4 tu. Kiasi halisi kimeandikwa ubavuni mwa tairi au kwenye kibandiko cha mashine. Aina nyingi za zamani hazina springi nyuma, na nyingine hazina hata mbele, kwa hiyo tairi laini ndilo springi yako. Ukiipeleka petroli stesheni wakaijaza kama ya boda, itadunda kama mpira na kukurusha, au tairi litapasuka. Tumia pampu ya mkono na geji inayosoma namba ndogo. Baada ya kujaza, chukua futi kamba ya fundi wa nguo upime mzunguko wa tairi la nyuma kushoto na la kulia. Vikitofautiana, mashine itavuta upande mmoja siku nzima, maana ekseli ni moja na haisamehe tofauti. Ongeza au punguza upepo mpaka zilingane.

Kisha wenzo wa mafuta. Ukiusukuma na kuuachia, urudi wenyewe mara moja, usukani ukiwa umenyooka, umekatwa kushoto na umekatwa kulia. Waya wa zamani hukwama, na mafuta yakikwama yakiwa yamefunguliwa huna muda wa kufikiri. Ukisita hata kidogo, usiendeshe. Waya mpya na oili kidogo si gharama kubwa.

Breki zote, cheni, nati za magurudumu na ya ekseli, oili ya injini, bila kusahau kuitikisa fremu ya mbele uone kama bolibearing za usukani zimelegea. Swichi ya kuzima injini ijaribu kila siku, na ujue ilipo bila kutazama. Mpira na plastiki za miaka 40 hupasuka kimyakimya, hivyo tazama pia mpira wa kupitisha petroli.

Uwanja wa kujifunzia

Tafuta mahali tambarare pa ukubwa wa uwanja wa mpira, palipo na nyasi fupi, pasipo na seng'enge karibu. Malisho yanafaa. Shamba la mahindi lililovunwa halifai hata kidogo: mabua yaliyokatwa kwa panga hubaki na ncha kali zinazotoboa tairi laini, na matuta yanakurusha. Shamba la ngano lililovunwa linapitika ila linateleza. Tembea uwanja wote kwa miguu kwanza. Tafuta mashimo ya fuko, mawe na waya uliotupwa, na kama mvua kubwa imenyesha karibuni tafuta nyufa za ardhi. Sehemu nyingi za kaunti hii ardhi hupasuka baada ya mvua kwa sababu maji huyabeba majivu yaliyoko chini, juu panabaki pazuri na chini ni pango.

Asubuhi ni bora, umande ukiwa umetuliza vumbi. Usifanye mazoezi peke yako. Awepo mtu mwenye simu yenye chaji, anayejua namba 1199 ya Msalaba Mwekundu na anayeweza kueleza njia ya kufika shambani kuanzia barabara kuu.

Hatua ya kwanza: bila injini

Weka gia huru, kaa kwenye kiti, mwambie mwenzako akusukume taratibu kwenye nyasi. Geuza usukani huku umekaa wima. Utahisi gurudumu la mbele likilima udongo na mashine ikikataa. Sasa rudia, lakini kanyaga kikanyagio cha nje, laza kiwiliwili ndani, tazama unakotaka kwenda. Itageuka. Rudia pande zote mbili mpaka mguu wa nje ukanyage wenyewe bila kuambiwa. Ukiona mwenzako amechoka kusukuma, badilishaneni.

Ukiwa bado umezima, jizoeze pia kusogea kitini: makalio mbele kabisa, nyuma kabisa, kushoto, kulia, kisha kusimama juu ya vikanyagio magoti yamekunjwa. Usiyaone haya kuwa mchezo wa watoto. Yule asiyeweza kusogea injini ikiwa imezimwa hatasogea inapounguruma.

Hatua ya pili: kuwasha, kwenda, kusimama

Handbreki imefungwa, gia iko huru, kisha vuta kamba ya kuwashia au bonyeza swichi kama ipo. Iache ipate joto. Ingiza gia ya kwanza, achia handbreki, sukuma wenzo kwa dole gumba kidogo sana. Nenda umbali mfupi, achia mafuta, kaza breki ya mbele na ya nyuma pamoja taratibu, simama. Miguu juu. Simama kabisa ndipo ushushe mguu.

Hapa ndipo mimi humkalisha mwanafunzi muda mrefu kuliko apendavyo. Yeye anataka kukata kona, mimi natazama miguu yake. Mpaka asimame mara nyingi mfululizo bila mguu kutangulia chini, haendi hatua inayofuata. Waendesha boda huona wanadharauliwa, nami huwaeleza kwa nini, maana heshima ya mtu ni muhimu na mguu wake pia.

Baadaye ongeza gia ya pili, na ujifunze kusimama haraka ukiwa umenyooka.

Hatua ya tatu: kona

Panga mitungi mitupu ya plastiki ya lita tano, kamwe si mawe. Anza na duara pana, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Kabla ya kona achia mafuta, sogea mbele kidogo, mguu wa nje ukanyage, kiwiliwili kiingie ndani, kisha ongeza mafuta kidogo na uyashikilie bila kuyakata mpaka utoke. Mafuta hayo kidogo yanalisaidia gurudumu la ndani kuteleza. Ukiyakata ghafla katikati ya kona, tairi hushika tena na mashine inanyooka au kuyumba. Ukiyazidisha, nyuma inazunguka.

Zunguka kushoto mpaka uchoke, kisha kulia. Kulia huwa kugumu zaidi kwa wengi, kwa sababu mkono wa mafuta unakunjwa karibu na tumbo na dole gumba hubana bila kukusudia. Punguza duara kidogo kidogo. Likishakuwa rahisi, chora namba nane, maana hapo lazima mwili uhame kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ukihisi gurudumu la ndani linanyanyuka, laza mwili ndani zaidi, punguza mafuta polepole, na kama kuna nafasi legeza usukani uifanye kona iwe pana. Mkono usikimbilie breki.

Hatua ya nne: mwinuko na mteremko

Usiifikie hatua hii siku moja na ile ya kona. Uchovu huchelewesha mwili, na huku mlimani mwili ukichelewa mashine inakulalia.

Chagua mwinuko mfupi, mpole, unaoona mwisho wake na unachokikuta juu. Ingiza gia ndogo ukiwa bado chini, sogea mbele kabisa, inama juu ya usukani, panda moja kwa moja kwa mafuta yasiyobadilika. Ukiongeza ghafla, mbele hunyanyuka na mashine hukupindukia mgongoni. Huko juu Mau Narok, kwenye zaidi ya mita 2,500, hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hupoteza nguvu yake, kwa hiyo mwinuko ulioupanda vizuri kule Rongai unaweza kukushinda hapa. Jua hilo kabla ya kuanza.

Ikikushinda katikati, kaza breki zote ikiwa bado haijaanza kurudi, uzito ukiwa mbele, funga handbreki, shuka upande wa juu wa mlima. Ikianza kurudi nyuma, tumia breki ya mbele taratibu. Ukikaza ya nyuma peke yake wakati inarudi, itapinduka juu yako. Kama huwezi kuizuia, shuka upande wa juu na uiache. Fundi atainyoosha.

Kushuka: gia ndogo, makalio nyuma kabisa, mikono imenyooka lakini isikakamae, breki zote mbili kwa upole, moja kwa moja bila kukata kona. Usishuke na gia huru.

Kukatiza mlima kwa ubavu, kama kwenye miteremko ya Subukia, mimi simruhusu mwanafunzi kabisa. Aliyezoea hulaza mwili upande wa juu na kwenda polepole, na hata yeye anaweza kukutana na udongo wa majivu unaomeguka chini ya tairi la upande wa chini. Kama kuna njia ya kuzunguka, zunguka. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko ivuke mahali palipojazwa, si popote unapoona ni karibu.

Njia ya trekta, mashimo na lami

Njia ya shamba ina mifuo miwili ya magurudumu na tuta la nyasi katikati. Gari la magurudumu manne hulipita tuta hilo juu kwa juu. Gurudumu lako la mbele liko katikati, kwa hiyo linapanda tuta wakati yale ya nyuma yanatafuta kuingia kwenye mifuo, na mashine inainama upande mmoja halafu mwingine. Ama chagua kupita nje ya njia kabisa, ama nenda polepole ukiwa umesimama juu ya vikanyagio. Shimo au jiwe ambalo ungelipitisha katikati ya magurudumu ya gari, hapa litakutana na gurudumu la mbele moja kwa moja, hivyo tazama mbali kuliko ulivyozoea. Gogo au mfereji uvuke kwa kuuelekea wima, umesimama, magoti yakichukua mshtuko.

Kwenye lami usiipeleke. Tairi laini hushika lami kwa nguvu, gurudumu la ndani linakataa kuteleza, na kona inayopita salama kwenye nyasi inakupindua barabarani. Hilo ni mbali na malori yanayoteremka Salgaa. Shamba likiwa pande zote mbili za barabara, simama kabla ya ukingo, tazama, ngoja mpaka pawe peupe kabisa, kisha vuka ukiwa umenyooka kwa gia ya kwanza. Mwenzako akisimama barabarani kukuangalizia ni bora zaidi.

Siku ya kwanza ya kazi

Ukiweza namba nane bila mguu kushuka, kusimama ghafla ukiwa umenyooka, na mwinuko mfupi kupanda na kushuka, unaweza kuanza kazi ndogo bila mzigo: kuzungukia ua, kupeleka ujumbe, kukagua matangi ya maji. Mzigo uje baadaye, mwepesi, uliofungwa kwa mpira na kamba chini kabisa ya rafu, sawa kushoto na kulia. Uzito wa juu unaoruhusiwa umeandikwa kwenye mashine au kitabu chake, na huo unakuhesabu na wewe mwenyewe. Mtungi wa maziwa usiojaa ni mbaya kuliko uliojaa, kwa sababu maziwa husukumana ndani na kuhamisha uzito kwenye kona. Pipa la dawa ya kunyunyizia nalo ni hivyo hivyo. Ukiwa na mzigo, rudi uwanjani kwanza ufanye duara pana mara chache, uone mashine imebadilika kiasi gani, ndipo uondoke.

Mtu akianguka na akalalamika shingo au mgongo, au akawa amezimia, usimnyanyue wala kumketisha. Zima injini, funga petroli, mwache alale alivyo, mfunike, mvue helmeti ikiwa tu hapumui vizuri, na upige simu. Aliyekanyagwa mguu naye asijaribiwe kusimama "tuone kama umevunjika". Ufunge mguu kwenye ubao jinsi ulivyo na umpeleke hospitali kwa gari.